Good Bye, Lenin!: Kulilia inchi yenye ilikuwa mubaya

Kila mwaka, Mwezi wa 11 ukifika, tunaona picha zile zile: vijana wamepanda juu ya Ukuta wa Berlin, nyundo mukononi, watu wanalia na kukumbatiana. Chini ya picha wanaandika kama uhuru ulishinda, na mambo inaishia hapo. Lakini mutu mwenye anaangalia filme Good Bye, Lenin! ya Wolfgang Becker (2003) mupaka mwisho anabaki na ulizo lenye ile picha haijibu: kama inchi yako imekufa, na unajua muzuri kama ilikuwa inatesa watu, uko na haki ya kuililia? Filme inasema ndiyo. Mimi nakubali, lakini nusu tu. Ile nusu ingine njo nataka tuongelee.

Tupange kwanza tarehe, juu wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Ujerumani ya Mashariki, yenye ilijiita DDR, ilianzishwa tarehe 7 Mwezi wa 10, 1949, ku sehemu yenye askari wa Sovieti walikuwa wanashika. Chama SED njo kiliongoza kila kitu. Tarehe 17 Mwezi wa 6, 1953, wafanyakazi waliandamana, vifaru vya Sovieti vikawazima. Watu waliendelea kukimbilia Mangaribi, kupita milioni 2, mupaka serikali ikaanza kujenga Ukuta tarehe 13 Mwezi wa 8, 1961. Watu 140 ao zaidi walikufia ku ule Ukuta. Kisha mwaka wa 1989 ukafika. Hungaria ilifungulia watu wa DDR mupaka wake na Austria. Tarehe 9 Mwezi wa 10, watu karibu 70,000 walitembea mu njia za muji wa Leipzig, na polisi hawakupiga risasi. Kisha mwezi mumoja, Günter Schabowski, mukubwa wa chama, alisoma karatasi mbele ya wanahabari kama watu wanaweza kusafiri. Wakamuuliza: kuanzia lini? Akajibu kama vile yeye anajua, ni sasa hivi. Usiku uleule Ukuta ulifunguka. Miezi haikufika hata 11, tarehe 3 Mwezi wa 10, 1990, DDR haikuwa tena.

Filme inaingia ndani ya hiyo miezi. Christiane (Katrin Sass) ni mama wa Berlin ya Mashariki mwenye anaamini usosialisti kwa moyo wote. Siku DDR inafurahia miaka yake 40, anaona polisi wanakamata mutoto wake Alex (Daniel Brühl) ndani ya maandamano. Moyo unasimama, anaanguka, anabaki ndani ya koma miezi nane. Anapoamuka, Ukuta haiko, Honecker haiko, lakini Coca-Cola iko. Daktari anaonya: mushituko mumoja tu unaweza kumuua. Basi Alex anakata shauri: ndani ya chumba cha mama, DDR haitakufa. Anarudisha vyombo vya zamani. Anaokota ku takataka chupa za matango ya siki ya Spreewald, juu mama anayapenda na ku maduka hayako tena, anajaza ndani matango ya Uholanzi. Analipa watoto waje kuimba nyimbo za zamani. Na rafiki yake Denis, mwenye anafanya naye kazi ya kuweka antene za satelite, anatengeneza habari za televizio za uongo.

Kucheka kuko mingi humo, lakini angalia muzuri kazi yenye Becker anafanya. Alex alichukia televizio ya chama. Sasa yeye mwenyewe anakuwa ile televizio. Anachukua picha za kweli za watu wanavuka mupaka, anaweka sauti ingine juu: eti ni watu wa Mangaribi njo wanakimbia ubepari, wanakuja kuomba kukaa DDR. Picha haikugeuka hata kidogo. Ni maneno njo yaligeuka. Na anafanya vile juu ya upendo, juu ya kulinda mama asishituke. Wakubwa wa DDR nao walisema hivyohivyo: Ukuta wenye ulifunga watu ndani, jina lake la serikali lilisema kama ni ukuta wa kulinda watu juu ya wafashisti. Sikumbuki filme ingine yenye inaonyesha kwa wepesi hivi ginsi mutu muzuri anaweza kuanza kutawala mwenzake kwa kumuhurumia.

Kuko tena ule muda wenye watu wote wanakumbuka. Mama anatoka inje peke yake, miguu haina nguvu, na helikopta inapita na sanamu ya Lenin yenye wamekata nusu. Mukono wa Lenin umenyooka sawa vile anamusalimia, ao anamuaga. Hakuna mutu anaeleza kitu. Becker angeweza kuweka maneno makubwa juu ya historia. Alinyamaza, na alifanya vizuri.

Lakini kiini cha filme, kwangu, ni ile habari ya mwisho ya televizio. Alex anaona hawezi kuendelea, inapaswa DDR ife hata ndani ya chumba. Anachukua dereva wa taxi mwenye anafanana na Sigmund Jähn, Mujerumani wa kwanza kufika anga za juu (1978), anamuvalisha nguo za ukubwa, anamuweka sawa kiongozi mupya wa DDR. Huyo kiongozi njo anafungua mupaka, kwa heshima, na wandugu wa Mangaribi wanaingia kwa furaha. Ni ndoto ya inchi mbili zenye zinakutana sawasawa, kila moja na kitu cha kuleta mezani.

Mambo haikupita vile. Kulikuwa njia mbili ndani ya sheria ya Ujerumani ya Mangaribi. Ya kwanza, kifungu cha 146: kuandika katiba mupya pamoja. Ya pili, kifungu cha 23: Mashariki inaingia ndani ya katiba yenye ilikuwa tayari. Walichagua ya pili, juu ilikuwa ya haraka. Tuseme ukweli: watu wa Mashariki wenyewe walipiga kura tarehe 18 Mwezi wa 3, 1990, na wengi walichagua vyama vyenye viliahidi umoja wa haraka. Hakuna mutu aliwalazimisha. Tarehe 1 Mwezi wa 7 walipokea deutsche mark. Mishahara ilibadilishwa moja kwa moja, na akiba yenye ilipita kiasi fulani ikabadilishwa mbili kwa moja. Kisha kampuni za Leta karibu 8,500, zenye zilikuwa na wafanyakazi karibu milioni 4, ziliwekwa mukononi mwa ofisi moja, Treuhandanstalt, juu ya kuziuzisha ao kuzifunga. Ilimaliza kazi hiyo mwisho wa 1994. Fikiri baba wa miaka 50 mwenye alikuwa anajulikana ku kazi yake: kwa miaka minne feza inageuka, kampuni inageuka, sheria inageuka, na maisha yake yote yanaitwa makosa. Ndani ya filme, dada ya Alex, Ariane, anaacha masomo ya uchumi anaenda kuuzisha mikate ya nyama ku Burger King. Wenye diploma wenzangu, hapo kicheko chetu kinakuwa kidogo.

Njo maana nasema filme iko na haki. Alex halilii polisi, halilii Ukuta. Analilia inchi yenye iliahidiwa na haikukuja, na mama mwenye aliamini ile ahadi. Wenye wanasema kila mutu wa Mashariki mwenye anakumbuka kitu kizuri anataka udikteta urudi, hawakuangalia muzuri.

Sasa ile nusu yenye sikubali. Polisi ya siri, Stasi, iko wapi ndani ya hii filme? Mwaka wa 1989 ilikuwa na wafanyakazi karibu 91,000, na wapasha-habari wa siri zaidi ya 170,000, ndani ya inchi ya watu milioni 16. Mu wapasha-habari mulikuwa jirani, mwalimu, wakati ingine bwana ao bibi. Filme inaonyesha polisi wanapiga watu siku moja, na mama kuulizwa maulizo wakati bwana yake alikimbia. Kisha hapo, nyumba inajaa harufu ya kahawa na matango. Hata siri kubwa ya mama inapita upesi. Aliambia watoto kama baba aliwaacha juu ya mwanamuke mwingine. Kumbe walipanga wote kukimbia, na mama aliogopa Leta itamunyanganya watoto. Alificha barua za baba miaka mingi. Hiyo woga njo DDR yenyewe! Lakini filme inaigeuza kuwa shida ya familia, watu wanalia, tunaendelea. Na tunajua Lara, musichana wa Sovieti mwenye anatunza mama ku hospitali, alikwisha kumuambia ukweli. Siku ya habari ya mwisho, mama anaangalia mutoto wake kuliko televizio. Anajua, na ananyamaza. Ni muzuri sana, lakini ni msamaha wenye umekuja mbele ya mashitaka.

Miaka mitatu kisha, Florian Henckel von Donnersmarck alileta Das Leben der Anderen (2006), yenye ilipata Oscar mwaka wa 2007. Yeye aliweka Stasi katikati: ofisa Wiesler, mwenye Ulrich Mühe anamucheza karibu bila kutikisa uso, anasikiliza siku na usiku nyumba ya mwandishi wa tamthilia, mwishowe anamuokoa kwa siri. Woga wa kweli uko humo. Lakini Hubertus Knabe, mwenye alikuwa anaongoza jumba la ukumbusho la gereza la Hohenschönhausen, alikatalia filme hiyo kupiga picha pale, juu ofisa muzuri sawa huyu hakuonekana ndani ya historia. Namuelewa. Filme ya kwanza inatuliza watu kwa mama mupole. Ya pili inatuliza kwa mupelelezi mupole. Na wote wawili wenye walizitengeneza walizaliwa Mangaribi.

Kama uko na saa mbili tu, tafuta Gundermann (2018) ya Andreas Dresen, mwenye alizaliwa Gera, ndani ya DDR. Inaeleza maisha ya Gerhard Gundermann, mwimbaji mwenye aliongoza mashine kubwa ya kuchimba makaa ya mawe ku Lausitz. Alikuwa mukomunisti wa kweli, chama kikamufukuza. Alipasha Stasi habari za wenzake, na yeye pia walimupeleleza. Ukuta unapoanguka, inabidi asimame mbele ya rafiki zake na mambo yenye alifanya. Hakuna mupole, hakuna shetani. Kuko mutu wa kazi, mutumwa na mutesaji ndani ya ngozi moja. Hapo njo nilipata ile nusu yenye Becker hakunipa: mutu anaweza kulilia inchi yake, lakini kwanza aseme yeye alifanya nini ndani yake.

Ile kusema haikutoka hewani. Sheria ya Mwezi wa 12, 1991, iliruhusu kila mutu aombe dosie yenye Stasi iliandika juu yake, na tangu 1992 watu walianza kusoma. Walikuta majina ya marafiki. Iliumiza, ilivunja nyumba za watu, lakini bila ile karatasi Dresen hangekuwa na filme.

Hii inatugusa sisi pia. Tarehe 25 Mwezi wa 12, 1989, Ceaușescu, rafiki wa kisiasa wa Mobutu, aliuawa ku Romania. Tarehe 24 Mwezi wa 4, 1990, Mobutu alitangaza ku N'Sele mwisho wa chama kimoja. Mobutu hakuwa mukomunisti. Mangaribi ilimuhitaji juu ya kuzuia wakomunisti, na vita ya baridi ilipoisha, ile haja ikaisha. Berlin ilitikisa Kinshasa. Na filme yenye wengi wanajua juu ya ule utawala, Mobutu, roi du Zaïre (1999), ilitengenezwa na Mubeleji, Thierry Michel. Ni kazi nzuri, sikatae. Lakini nani kati yetu amekwisha kusoma dosie yenye CND iliandika juu ya muzazi wake? Nyumbani tunasikia wazee wanasema "wakati wa Mobutu bei ilikuwa muzuri, barabara zilikuwa", na vijana wanajibu kwa matusi. Wazee hawadanganyi wote. Wanafanya sawa Alex: picha ya kweli, sauti ya kuongeza. Kazi yetu wenye kusoma haiko kuwanyamazisha. Tukae nao, tuwaulize bei ya mukate, kisha tuwaulize tena jirani yenu mwenye alibebwa usiku alikuwa anaitwa nani.

Angalieni Good Bye, Lenin! kwanza, mucheke, mulie. Kisha muangalie Gundermann. Mukigeuza hiyo mupangilio, mutakuwa wakali mbele ya kuelewa.