Hachovyi, si Asichovye

Methali "Mchovya asali hachovyi mara moja" hufundishwa mara nyingi kama onyo dhidi ya tamaa. Kwa maoni yetu, fafanuzi hiyo ni finyu. Kitenzi ni "hachovyi", si "asichovye": chaeleza mazoea, hakikatazi. Kiini chake ni ladha inayobaki kidole kikishatoka asalini. Wateso wa Busia na Tororo hunywa ajono, pombe ya ulezi, kwa mirija mirefu katika chungu kimoja, huku maji moto yakiongezwa tena na tena. Ladha hufifia, hamu ya kukutana tena hubaki. Mwanafunzi wa huko akijibu kwamba methali hii yahusu utamu wa ushirika, tumnyime alama? La, mradi athibitishe kwa kitenzi hicho.