Jinsi Brian Deer Alivyoufumua Utafiti wa Watoto 12

Utafiti uliowatia wazazi wa Uingereza hofu ya chanjo ya surua ulikuwa na kurasa tano na watoto 12. Ulitoka katika jarida la Lancet tarehe 28 Februari 1998 ukiwa na majina ya waandishi 13, la kwanza likiwa la Andrew Wakefield wa Hospitali ya Royal Free, London. Uzito wake ulikaa katika jedwali moja. Kila mtoto ana namba na tatizo alilodaiwa kuwa nalo, mara nyingi usonji. Kisha kuna safu ya kitu ambacho wazazi au daktari walikihusisha na tatizo hilo, na safu ya muda uliopita hadi dalili ya kwanza kuonekana. Kwa watoto wanane kilichotajwa ni MMR, chanjo ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Muda unasomeka saa 24, saa 48, wiki moja, wiki mbili. Kwa wote, ni ndani ya siku 14.

Safu hiyo ya muda ndiyo iliyotisha watu. Mzazi hahitaji kujua takwimu ili aielewe: mtoto alikuwa mzima, akachomwa sindano, na kabla wiki mbili hazijaisha akaanza kupoteza maneno aliyokwisha kujifunza. Siku mbili kabla ya makala kutoka, Wakefield aliwaambia waandishi wa habari kwamba chanjo zile tatu zitenganishwe. Hofu ikaenea kuanzia hapo.

Aliyeonyesha kwamba jedwali lile halikuwa la kweli hakuwa daktari wala mtafiti. Brian Deer ni mwandishi wa habari wa Uingereza aliyezoea kuchunguza kampuni za dawa na utafiti wa tiba. Alianza kulifuatilia suala la MMR Septemba 2003 kwa ajili ya gazeti la Sunday Times, na uchambuzi wake kamili ulichapishwa na jarida la tiba la BMJ Januari 2011. Wengi wanaijua hukumu, kwamba Wakefield alifutwa katika orodha ya madaktari. Namna hukumu hiyo ilivyofikiwa haijulikani sana, na ndiyo yenye faida zaidi kwa yeyote anayeandika au kusoma habari za sayansi.

Kwanza tujiulize kwa nini wataalamu walioipitia makala kabla ya kuchapishwa hawakuona kitu. Mpitiaji wa makala ya kitaaluma huletewa maandishi na majedwali. Hutazama kama njia ya utafiti imeelezwa, kama hitimisho linatokana na matokeo, kama madai yamezidi ushahidi. Faili la mgonjwa haletewi. Jedwali likisema wiki moja, yeye huanzia kwenye wiki moja. Mfumo mzima umejengwa juu ya imani kwamba mtu aliyenakili kutoka kwenye faili kwenda kwenye jedwali amenakili kwa uaminifu. Udanganyifu huu ulikaa katika hatua hiyo ya kunakili, na kwa kusoma makala peke yake, hata kwa makini namna gani, mtu asingeuona.

Deer alianza na swali ambalo makala ililijibu kwa maneno machache mno: watoto hawa walitoka wapi? Lancet ilisema waliletwa hospitalini mfululizo, mmoja baada ya mwingine. Msomaji anaelewa kwamba ni wagonjwa wa kawaida waliofika kliniki, na kwamba daktari mwangalifu akagundua wanafanana. Deer akakuta hakuna hata mmoja aliyekuwa mkazi wa London. Wawili walikuwa ndugu. Wawili wengine walikuwa wa daktari mmoja anayefanya kazi karibu kilomita 450 kutoka hospitali hiyo. Mmoja aliletwa kwa ndege kutoka Marekani. Wengi walifika kupitia watu waliokuwa wakipiga kampeni dhidi ya chanjo hiyo. Ukichagua watu wanaolalamikia kitu kimoja kisha ukawauliza wanalalamikia nini, jibu umeshalipanga.

Swali la pili lilikuwa la fedha. Taarifa ya kwanza ya Deer, ya Februari 2004, ilifichua kwamba Wakefield alikuwa akifanya kazi na wakili Richard Barr, aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa MMR, na kwamba baadhi ya watoto wa kwenye jedwali walikuwa upande wa walalamikaji. Wakefield aliajiriwa na wakili huyo mwanzoni mwa 1996, miaka miwili kabla ya makala, kwa pauni 150 kwa saa. Baadaye ilijulikana kwamba malipo yake kutoka mfuko wa umma wa msaada wa kisheria yalifika pauni 435,643, bila kuhesabu gharama. Tena kulikuwa na ombi la hataza la Juni 1997 kwa ajili ya chanjo yake ya surua pekee. Msomaji wa Lancet hakuambiwa lolote kati ya hayo. Machi 2004, waandishi 10 kati ya 13 walijitoa katika tafsiri iliyoihusisha chanjo na ugonjwa.

Maslahi ya fedha hayathibitishi uongo. Mtu anaweza kulipwa na bado akasema kweli, na Deer alilijua hilo. Lakini kati ya karatasi za wakili lilikuwamo ombi la fedha la Juni 1996, ambalo lilikwisha kueleza ugonjwa mpya wa utumbo na akili uliotarajiwa kugunduliwa. Mtoto wa kwanza wa utafiti alilazwa Julai. Ugonjwa ulielezwa kwanza, wagonjwa wakafuata. Kwangu hiyo ndiyo karatasi nzito kuliko ankara zote.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote: kuyaona mafaili. Siri ya mgonjwa inalindwa na sheria, na inapaswa kulindwa. Njia ilifunguliwa na Wakefield mwenyewe. Baada ya filamu ya Deer kuhusu suala hilo kuonyeshwa na kituo cha Channel 4 Novemba 2004, alimshtaki mwandishi huyo na kituo kwa kashfa, kisha akataka kesi isimamishwe kwa muda. Jaji akakataa. Kesi ikiendelea, upande wa utetezi una haki ya kuona nyaraka zinazohusika, na mahakama ikaamuru kumbukumbu za watoto zikabidhiwe kwa mawakili wa Deer. Januari 2007 Wakefield aliiondoa kesi na kulipa gharama. Julai mwaka huo Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza likaanza kusikiliza mashtaka dhidi yake, na kumbukumbu hizo zikasomwa hadharani, bila majina, katika vikao vya siku 217.

Hapo kazi ikawa ya kuweka karatasi mbili sambamba, mtoto baada ya mtoto, kile kilichoandikwa na daktari wa familia au hospitali siku ya tukio, na kile kilichochapishwa. Mtoto namba 11, yule wa Marekani, kwenye jedwali dalili yake ya kwanza ilionekana wiki moja baada ya chanjo. Muhtasari wa hospitali yenyewe unasema dalili zilianza akiwa na miezi 13, yaani kabla ya chanjo. Mtoto namba 1 naye ameandikiwa wiki moja, lakini daktari wa familia alikuwa ameandika kabla ya chanjo kwamba mama ana wasiwasi mtoto hasikii vizuri, na mtoto anayeonekana hasikii ni dalili ya mapema ya usonji inayojulikana. Makala ilidai wote 12 walikuwa wazima hapo awali. Watano walikuwa na wasiwasi wa ukuaji ulioandikwa tayari. Kati ya tisa waliotajwa kuwa na usonji wa kurudi nyuma, yaani ule ambao mtoto hupoteza uwezo aliokuwa nao, watatu hawakuwahi kupimwa na kukutwa na usonji wa aina yoyote, na ni mmoja tu aliyekuwa nao waziwazi.

Jambo moja katika ulinganisho huu linahitaji utulivu kulisoma. Wazazi wanane ndio wanaotajwa kwenye makala kuilaumu chanjo. Hospitalini, walioilaumu walikuwa 11. Kwa nini mtu anayetaka kuishtaki chanjo aache mashahidi watatu? Kwa sababu hao watatu walitaja miezi, si siku. Wangeingia, kikomo cha siku 14 kingevunjika, na kesi ya fidia inahitaji muda mfupi kati ya sindano na madhara. Kosa la uzembe huelekea huku na kule. Haliondoi kwa bahati mbaya wale watatu tu wanaoharibu hesabu.

Utumbo nao ulipata ripoti mbili. Vipande vilivyokatwa kwenye utumbo mpana vilitazamwa kwa darubini na wataalamu wa maabara ya hospitali, na majibu mengi yakawa hakuna tatizo la maana. Vikapitiwa upya kwa ajili ya utafiti. Kwa watoto tisa, majibu ya kawaida yakageuka kuwa uvimbe wa utumbo usio na aina maalumu. Deer alimaliza kwa kusema kwamba hakuna hata mtoto mmoja kati ya 12 ambaye habari zake ziliingia kwenye makala bila kupotoshwa au kubadilishwa. Wahariri wa BMJ waliuita utafiti huo udanganyifu.

Januari 2010 Baraza lilimkuta Wakefield na hatia ya kukosa uaminifu na ya kuwafanyia watoto vipimo vikali bila idhini ya kamati ya maadili. Lancet ikaifuta makala Februari, miaka 12 baada ya kuichapisha, na Mei akafutwa udaktari. Wakefield amekana mashtaka yote hadi leo. Mwenzake, Profesa John Walker-Smith, naye alifutwa, lakini Mahakama Kuu ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2012. Haki inadai hilo nalo lisemwe.

Tusichanganye mambo mawili. Deer alithibitisha kwamba utafiti ulipotoshwa. Kwamba MMR haisababishi usonji kulithibitishwa na wengine, kwa mfano watafiti wa Denmark waliofuatilia watoto 537,303 na kuchapisha mwaka 2002. Kazi hizi mbili zinahitajiana. Takwimu za Denmark zilikuwapo na hofu haikuisha, maana mzazi alibaki akijiuliza daktari yule aliona nini kwa wale 12. Deer alijibu swali hilo.

Jibu lilichelewa. Nchini Uingereza uchanjaji ulishuka kutoka takriban asilimia 92 hadi karibu 80 mwaka 2003 na 2004. Hofu ilivuka bahari pia, ikawafikia Wasomali wa Minnesota, ambao wengi walipitia kambi za wakimbizi za Kenya. Wakefield alikwenda kuzungumza na wazazi wa huko. Uchanjaji wa watoto wao ulishuka kutoka asilimia 92 mwaka 2004 hadi 42 mwaka 2014, na mwaka 2017 surua ikawapata watu 75 jimboni humo, wengi wao watoto wa Kisomali. Hawa ni watu waliotoka mahali ambapo surua inajulikana kwa makaburi yake, wakafundishwa kuiogopa chanjo yake.

Kwa wahariri wa majarida ya vyuo vyetu, ombi langu ni la wazi. Kabla ya kuchapisha utafiti wa wagonjwa wachache wenye dai kubwa, itisheni kumbukumbu za awali zilizoondolewa majina, mpeni mtu asiyehusika azilinganishe na jedwali mstari kwa mstari, na ulizeni kwa maandishi nani amelipa na wagonjwa walipatikanaje. Mwandishi akikataa kuzitoa, msichapishe.