'Homestead' si boma tu

Wafasiri wetu wamezoea kulitafsiri neno la Kiingereza 'homestead' kama 'boma'. Mkulima wa Chala, kule Taveta, akiambiwa "boma lako litahesabiwa", ataelewa nini? Nyumba? Zizi la ng'ombe? Au na shamba pia? Naona tafsiri hii ina upungufu, na upungufu wenyewe una gharama.

'Homestead' hujumlisha nyumba, ua, vibanda vya kando na ardhi inayovizunguka. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1862 iliyobeba neno hilo iliruhusu mtu kupewa hadi ekari 160, mradi aishi hapo na kulima kwa miaka 5. Neno hili basi lina haki ya ardhi ndani yake, si paa tu.

'Boma' kwa asili ni kizuizi: ua, ngome au zizi. Tanzania likawa pia makao ya serikali wilayani. 'Kaya', katika sensa, ni watu wanaoishi na kula pamoja, ilhali kwa Wamijikenda ni makazi ya kale msituni. Na 'ushago' je? Ukisema "naenda ushago", umetaja uendako, hujasema ardhi ni ya nani.

Haya si mambo ya darasani tu. Mwaka 1987 mahakama zetu zilisikiliza kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba Mjaluo anaweza kuwa na nyumba jijini, lakini nyumbani kwake ni kwa wazee wake. Alizikwa Nyalgunga, Siaya. Kiswahili huitenga tofauti hiyo kwa silabi moja: nyumba, nyumbani.

Taveta ina mashamba makubwa ya mkonge ya tangu ukoloni, na maskwota wengi wasio na hati. Skwota akiahidiwa fidia ya 'boma', mlipaji anaweza kuhesabu kuta na mabati, akaiacha migomba.

Pendekezo langu ni hili. Matini ikihusu watu, tuseme 'kaya'. Ikihusu majengo na ua wake, 'boma' latosha. Ikihusu haki ya ardhi, tuandike 'boma na shamba lake', hata kama ni refu. Afadhali tafsiri ndefu kuliko fupi inayompunja mtu shamba.