Ukuta Usio na Pa Kushika

Picha ya mpigapicha Ansel Adams iitwayo Monolith, the Face of Half Dome ilipigwa tarehe 10 Aprili 1927 huko Yosemite, California. Ni picha ya wima. Ukuta wa graniti wa mlima Half Dome umejaza upande wa kulia na kupanda karibu kufikia ukingo wa juu. Kushoto ni anga, nayo ni nyeusi, ingawa picha ilipigwa alasiri yenye jua. Chini kuna theluji, na kwa mbali, pembe ya kushoto, milima mingine. Hakuna mtu wala njia.

Tuanze na anga, maana hapo fani ya picha hii inajidhihirisha waziwazi. Adams, kijana wa miaka 25 wakati huo, alifika kwenye jukwaa la mwamba liitwalo Diving Board akiwa amebakiwa na mabamba mawili tu ya kioo ya kupigia picha. La kwanza alilipiga kwa kichujio cha manjano. Papo hapo akatambua kwamba bamba hilo lingetoa sura ya mlima tu, bila ule uzito alioukusudia. Kwa bamba la mwisho akaweka kichujio chekundu kizito na kuuacha mwanga uingie kwa sekunde tano. Wekundu huzuia mwanga wa buluu, kwa hiyo anga ya buluu haikuacha alama ya kutosha kwenye kioo, na kwenye chapa ikatoka nyeusi. Vivuli navyo vilizama, kwa kuwa mlimani kivuli hupata mwanga wake kutoka angani. Theluji na mwamba uliopigwa na jua vikabaki na weupe wao.

Matokeo yake si urembo wa rangi tu. Anga ya kawaida katika picha hurudi nyuma na kulipa jicho nafasi ya kupumzika. Hii haitoi nafasi hiyo. Imesogea mbele hadi imekuwa ukuta wa pili, na pale kuta hizo mbili zinapokutana pana mstari mkali kuliko wowote ambao jicho lingeuona siku ile. Mtazamaji anakosa pia kipimo. Mwamba huu una kimo cha takriban mita 600 kutoka kitako chake, lakini picha haisemi hivyo. Ungeweza kuambiwa ni mita 60 au 6,000 ukaamini. Michirizi ya wima inayoshuka usoni mwake inalivuta jicho juu na kuliteremsha, bila kulipa mahali pa kutua. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kiini cha picha: Adams ameondoa kila kitu ambacho jicho lingeweza kukishika.

Wenzake, akiwamo Virginia Best ambaye Adams alikuja kumwoa mwaka uliofuata, walikuwa naye mlimani. Mmoja wao angesimama pembeni, tungepata kipimo, na picha ingekufa.

Sasa linganisha na mgongo wa mlima huohuo. Mwaka 1875 George Anderson, mhunzi, alitoboa mashimo kwenye mteremko wa mashariki, akapachika vyuma, akafika kilele ambacho mtaalamu wa jiolojia Josiah Whitney alikuwa amekitangaza kuwa hakifikiki. Mwaka 1919 chama cha Sierra Club kiliweka kamba mbili za chuma kwenye mteremko huo, na mwaka huohuo Adams alijiunga na chama hicho. Kamba zilikuwa na umri wa miaka minane siku alipofyatua kamera yake upande wa pili.

Njia ya kamba hizo nayo ina umbo linalostahili kuhakikiwa. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 22: ngazi za mawe zilizolowa manyunyu ya maporomoko ya Vernal, msitu wa Little Yosemite Valley, kisha mwamba mtupu wa Subdome. Sehemu ya kamba ni kama mita 120 tu, lakini ndiyo inayobeba safari nzima. Hapo mwendo unagawanyika kwa vipimo vinavyojirudia: nguzo mbili za chuma, ubao wa kukanyaga, mwamba mtelezi, nguzo mbili, ubao, mwamba. Ni mizani kamili, na kama katika utenzi mrefu, mizani hiyo ndiyo inayomwezesha mtu wa kawaida kufika mwisho wa jambo ambalo bila hiyo lingemshinda. Mpandaji haoni mlima hata kidogo. Anaona kiganja chake, chuma, na visigino vya aliye mbele. Halafu kamba zinakwisha na kilele kinafunguka kuwa uwanja mpana.

Kwa hiyo maumbo mawili ya jiwe moja yanapingana juu ya jambo moja, yaani kushika. Kamba zinaupa mkono kila kitu na kulinyima jicho. Picha inalipa jicho mlima mzima na kuunyima mkono. Wapo watakaosema Adams alidanganya kwa kuficha upande unaopandika. Sikubaliani nao. Bamba la kwanza, la kichujio cha manjano, lingekuwa karibu zaidi na anga ya siku ile, na bado lingekuwa mbali na hofu ya kusimama mbele ya ukuta ule. Ninalolijutia ni jingine: umbo hili lilifaulu mno, likaigwa, na bonde ambalo watu wa Ahwahneechee walikuwa wakiishi muda mrefu kabla ya kamera kufika likazoeleka machoni pa dunia kama mahali pasipo watu.

Miaka 30 baada ya picha hiyo, mwaka 1957, Royal Robbins, Jerry Gallwas na Mike Sherrick waliupanda uso huo kwa siku tano. Waliusoma ukuta kwa namna ambayo picha hairuhusu: walitafuta nyufa za kupachika chuma na vidaraja vya kulala. Walipofika juu walimkuta Warren Harding, mpandaji mwenzao, aliyepitia njia ya nyuma kuja kuwapongeza.