Kibodi ya Kijerumani Yafufuka Kingerikiti

Ka-chak! Ka-chak! Ka-chak! Jamani, kama hujawahi kuchapa kwenye IBM Model M, basi bado hujachapa! Nimeichomeka kwenye laptopu mpya hapa Kingerikiti, na jirani wa chumba cha pili amekwisha kuuliza ni nani anayepigilia misumari saa hizi. Mwambieni ni mimi, naandika muhtasari wa kikao cha AMCOS, ushirika wetu wa kahawa, na sijawahi kufurahia muhtasari wa kahawa namna hii maishani mwangu.

Hebu kwanza itazame. Igeuze, soma kibandiko cha mgongoni: 1391403. Hiyo ndiyo namba ya Model M ya Kijerumani, ndugu yake ile 1391401 ya Marekani. Za soko la Ulaya zilitengenezwa Greenock, Scotland. Aina hii ilianza kutoka mwaka 1985, na chini ya kila kitufe kuna springi inayokunjika ghafla unapobonyeza. Mlio unatoka hapo, na kidole kinajua papo hapo kwamba herufi imeingia. Herufi zenyewe hazikubandikwa juu, rangi imezama ndani ya plastiki, ndiyo maana hii yangu iliyokaa stoo miaka na miaka bado inasomeka vizuri. Nilivua vifuniko vya vitufe, nikaviosha kwa maji ya sabuni, vumbi jekundu lote likaondoka. Uzito unapita kilo 2. Mwizi akiingia usiku, silaha unayo.

Wala mashine ya Kijerumani si mgeni hapa kwetu mkoani Ruvuma. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na mpaka leo ni nyumba chache za Wakatoliki huku kusini zisizo na kitabu chenye jina la Benedictine Publications Ndanda–Peramiho. Penye wachapaji Wajerumani pana vitufe vya Kijerumani: Z iko juu katikati ya T na U, Y imeshushwa pembeni chini, halafu Ö, Ä na Ü zinakukodolea macho upande wa kulia. Palipozoeleka Ctrl pameandikwa Strg. Usiogope.

Sasa tuje kwenye kuiunganisha. Plagi yake ni PS/2, ile ya duara yenye pini 6 iliyoletwa na IBM mwaka 1987. Laptopu ya leo haina tundu hilo. Ukienda dukani watakupa kiadapta kidogo cha bei rahisi, ukubwa wa kidole gumba. Kiache! Ndani yake hamna kitu zaidi ya waya, na kinafanya kazi kwa kibodi zilizokwisha kujua USB tu. Model M hii imeundwa kabla USB haijakuwapo. Inahitaji adapta yenye chipu, yaani mkalimani anayesikiliza lugha ya zamani upande huu na kusema USB upande wa pili. Yangu nimeiunda kwa bodi ndogo ya saketi yenye chipu ya ATmega32U4, pamoja na programu ya bure iitwayo Soarer's Converter. Waya ni 4 tu: umeme wa volti 5, hasi, data, na mapigo ya saa. Fundi simu yeyote anayejua kulehemu ataimaliza kabla chai haijapoa. Na programu hiyo inatambua yenyewe kibodi iliyochomekwa, hata zile za zamani zaidi za enzi za XT na AT.

Nikachomeka. Taa zikawaka! Nikaandika kwa mbwembwe zote: Ziwa Nyasa. Kwenye skrini ikatokea: Yiwa Nzasa.

Nilicheka mpaka basi, maana hapo ndipo siri yote ya jambo hili ilipo. Kibodi haitumi herufi. Inatuma mahali kitufe kilipo, safu fulani, nafasi fulani, na kompyuta ndiyo inayoamua hapo pana herufi gani. Laptopu yangu ilikuwa imepangwa Kimarekani, kwa hiyo ilisoma mahali pale kwa macho ya Kimarekani. Nenda kwenye mipangilio, ongeza mpangilio wa Kijerumani, na Ziwa Nyasa linarudi mahali pake. Ni hivyo hivyo kwa kompyuta za mitumba za Kifaransa zenye A mahali pa Q, na kwa za Kiingereza zenye alama ya pauni juu ya 3.

Lakini kuna mtego mmoja unaomsubiri Mswahili, nao ni ritifaa. Karibu na kitufe cha kufutia kuna alama inayofanana nayo kabisa, ila hiyo ni ya kuweka mkazo juu ya irabu, haitoki mpaka ubonyeze herufi inayofuata. Ukiandika ng'ombe kwa alama hiyo unapata ngómbe. Ng'ang'ania inakuwa ngángánia! Ritifaa ya kweli iko kwenye kitufe cha # kando ya Enter, ukishikilia Shift.

Na hapa ndipo nilipoipenda kibodi hii kupita kiasi. Soarer's Converter inakuruhusu kukipa kitufe kazi mpya. Sisi Ö ya nini? Nimeiambia adapta kwamba Ö ikibonyezwa itume N, kisha G, kisha Shift na #. Bonyeza mara moja: ng'. Ng'ambo, ng'ara, ng'oa, zinatoka bila kidole kuhangaika! Caps Lock nayo nimeigeuza kuwa kitufe cha Windows, kwa sababu kibodi ya zama hizo haikuwa nacho.

Wanyanja wa mwambao wa Ziwa Nyasa nao wana zawadi yao. Kwenye Linux, bonyeza ^ pale kona ya juu kushoto, kisha w, unapata ŵ, ile herufi inayoandikwa ng'ambo kule Malawi. Kwenye Windows haikutoka.

Umeme ukikatika je? Waya wa OTG, simu ya Android, mpangilio wa kibodi halisi uwe Kijerumani, kazi inaendelea. Ila inakula chaji ya simu kuliko kibodi za leo, kwa hiyo usianze kuandika kitabu ukiwa na asilimia 10.

Kasoro? Kelele. Ofisini watakununia, na mtoto akilala humo ndani usithubutu. Alama ya @ inahitaji AltGr na Q, nayo inachosha ukiandika barua pepe nyingi. Basi.

Hukumu yangu ya awali: kwa mtu anayeandika Kiswahili kila siku, mwenye steshenari, mwalimu, katibu wa kikundi, sijagusa kibodi inayoishinda hii. Kwa hiyo ukiona moja stoo ya parokia, shule au ofisi ya kata, usikubali iuzwe kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Igeuze, soma namba ya mgongoni, kisha tafuta adapta yenye chipu.