Gramu Hasi si Habari Njema: Uhakiki wa Istilahi za Kuainishia Bakteria katika Kiswahili

Mwaka jana nilipewa kazi ya kupitia mswada wa kitini cha maabara kilichofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wa ngazi ya cheti. Nilitakiwa kutazama lugha tu. Sayansi ilikuwa na wenyewe. Nilikwenda vizuri hadi sura ya utambuzi wa bakteria, nikakuta mfano wa majibu ya mgonjwa: sampuli imeonesha “bakteria wa gramu hasi”. Nilimsomea mwenzangu wa fasihi ninayekaa naye ofisi moja. Akauliza, “Kwa hiyo mgonjwa ni mzima?” Kisha akaongeza, “Na hizo gramu ni ngapi?” Maswali hayo mawili ndiyo chimbuko la makala haya, kwani aliyeuliza ni msomi wa lugha, na kama yeye alipotea, sioni ni nani atakayenusurika.

Tuanze na gramu. Gram ni mtu. Hans Christian Gram, daktari wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alichapisha mwaka 1884 mbinu ya kutia bakteria rangi ili waonekane kwa hadubini. Kama inavyofanyika leo, bakteria waliokaushwa juu ya kioo hutiwa rangi ya urujuani, kisha ayodini, kisha huoshwa kwa alkoholi. Wapo wanaobaki na urujuani wao, na wapo wanaoupoteza. Hao wa pili hutiwa rangi nyingine, nyekundu, ili nao waonekane. Tofauti hiyo imo katika umbile lao. Kundi la kwanza lina ukuta mnene wa seli, uliofumwa kwa tabaka nyingi za peptidoglikani, nao hukauka kwa alkoholi na kuibana rangi ndani. Kundi la pili lina ukuta mwembamba, na nje yake utando wenye mafuta ambao alkoholi huuyeyusha. Jambo hili si la darasani tu: utando huo wa nje huzuia baadhi ya dawa zisipenye, hivyo tabibu anayesubiri majibu ya Gram anasubiri pia kujua aanze na dawa gani.

Mfasiri alipotohoa jina la mtu huyu kwa herufi ndogo na irabu ya mwisho, alilitumbukiza katika neno ambalo Kiswahili kinalo tayari, tena sokoni na dukani. Ukiipima istilahi yake kwa vigezo vya PEGITOSCA alivyovipendekeza Kiingi, haionekani mbaya: ni fupi na inafanana na ya kimataifa. Ila imepimwa dhidi ya neno la Kiingereza lililoizaa, haikupimwa dhidi ya majirani zake inakokwenda kuishi.

Kosa la “hasi” ni zito zaidi. Tangu upimaji wa virusi vya UKIMWI uenee, na hasa baada ya korona, maneno “chanya” na “hasi” yamepata maana mahususi katika kinywa cha mgonjwa: chanya ni kuwa nao, hasi ni kutokuwa nao. Anayeambiwa “hasi” hushusha pumzi. Sasa, bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, ni wa kundi hili la “hasi”. Wa homa ya matumbo vilevile. Muuguzi akimsomea mama majibu ya mwanawe kwa istilahi hii, atakuwa amemwambia kwa Kiswahili fasaha kabisa kwamba mtoto hana kitu. Tafsiri mkopo imehamisha lebo ya Kiingereza, ambayo nayo haisemi lolote kuhusu ukuta wala rangi, ikaiweka mahali ambapo maneno yake yana kazi nyingine.

Je, Kiswahili kina nini cha kutoa? Nadhani jibu liko kabatini. Kanga ikifuliwa ikapoteza rangi, tunasema imechujuka. Ikiivumilia sabuni na jua, haichujuki. Hicho ndicho anachokitazama mtaalamu wa maabara. Napendekeza basi bakteria wasiochujuka kwa Gram na bakteria wanaochujuka kwa Gram, jina la mtu likibaki na tahajia yake na herufi yake kubwa. Najua nitaambiwa kwamba kishazi rejeshi si istilahi. Lakini tunazo “nchi zinazoendelea” na “magonjwa yasiyoambukiza”, na hakuna anayelalamika.

Kitenzi hiki kina faida nyingine, nayo ilijitokeza kurasa chache mbele. Bakteria wa kifua kikuu, aliyetangazwa na Robert Koch mwaka 1882, ana ukuta wenye nta, na mbinu ya Gram haimfai. Hutumiwa mbinu ya Ziehl na Neelsen: rangi nyekundu hupashwa moto ili ipenye, kisha kioo huoshwa kwa asidi. Bakteria wengine huiacha rangi; yeye huishika. Mswada ulimwita “bakteria sugu kwa asidi”. Msomaji yeyote aliyewahi kufika kliniki anajua “kifua kikuu sugu” ni nini: ni kile kisichosikia dawa, chenye matibabu marefu na ya mashaka. Mgonjwa ambaye makohozi yake yameonesha bakteria wa kawaida kabisa, anayetibika, ataondoka akiamini amehukumiwa. “Asiyechujuka kwa asidi” haina hatari hiyo, na inamwonesha mwanafunzi kwamba vipimo hivi viwili ni ndugu.

Haki haina budi kutendeka: katika maumbo mfasiri alifanya kazi nzuri. “Punje”, “fimbo”, “parafujo” na, kwa yule wa kipindupindu, “mkato”, yote yanaonekana kwa jicho. Hata Staphylococcus alimfafanua kuwa ni punje zilizokaa kama kichala cha zabibu, na ndivyo Kigiriki chenyewe kinavyosema. Wanaotaka neno bakteria liondolewe kwa kuwa ni la kigeni wakumbuke kwamba asili yake ni “kijiti” cha Kigiriki, jina ambalo punje zimelibeba muda mrefu bila madhara. Libaki, na kwa maoni yangu lipatanishwe katika ngeli ya a-/wa-, kwa kuwa ni kiumbe hai.

Ninachokataa ni “vijidudu”, neno ambalo mswada ulilitumia kila ulipochoka. Vijidudu hukusanya bakteria, virusi na hata vimelea vya malaria katika kapu moja, na upatanisho wa vi- unaziba hata ufa uliobaki, kwani “virusi hivi” na “vijidudu hivi” husikika kama jambo lilelile. Penisilini hufanya kazi kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Kirusi cha mafua hakina ukuta huo. Mtu aliyefundishwa kwamba anayo “dawa ya kuua vijidudu” ana haki, kwa mantiki ya lugha aliyopewa, kuimeza kwa mafua, na hivyo kuchangia usugu tunaoulalamikia. Kampeni za usugu wa dawa nazo zimechagua “vimelea”, neno pana vilevile.

Nilirudisha mswada na maoni haya. Waandaaji wameikubali “asiyechujuka kwa asidi”. “Gramu hasi” wameibakiza, kwa hoja kwamba ndivyo ilivyo kwenye fomu za majibu. Fomu hizo zimeandikwa kwa Kiingereza.