Msimamizi au Mwombezi? Lugha ya Sala za Kazi na Madeni

Wasomaji wa taarifa hii wamezoea kukuta humu uhakiki wa riwaya, tamthilia na mashairi. Safari hii nakusudia kuhakiki maandishi ambayo hayapati kuingia darasani, ijapokuwa yana wasomaji wengi na waaminifu: sala fupi za Kiswahili zinazoelekezwa kwa watakatifu wa Kanisa Katoliki ambao ni walinzi wa kazi, ufundi na biashara, na hasa zile anazozisali mtu aliyebanwa na deni. Hapa Rusizi, wilaya ambayo hadi mwaka 2006 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, waumini husali zaidi kwa Kinyarwanda. Hata hivyo Kiswahili ni lugha ya soko la Kamembe na ya mpakani, na karatasi za novena za Kiswahili hutufikia ndani ya mikoba ya wachuuzi. Nimezisoma kadhaa. Sina nia ya kuipima imani ya anayesali. Nataka kuipima lugha aliyopewa.

Tuanze na jina la mtakatifu mwenyewe. Kilatini kilimwita *patronus*, neno ambalo kwa Warumi lilimhusu bwana mkubwa aliyewalinda wanyonge waliomtegemea, wakiwemo watumwa aliowapa uhuru. Kifaransa kililirithi neno hilo, na katika Kifaransa cha leo *patron* ni mtakatifu wa parokia na pia ni tajiri anayelipa mshahara. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tumeyabeba maana hayo mawili kwa pamoja bila kuyatazama. Kiswahili, kwa upande wake, kina maneno manne yanayoshindania nafasi hiyo: msimamizi, mlinzi, mwombezi na somo. Wafasiri huyatumia kana kwamba yana maana moja. Hayana.

Msimamizi ndilo neno lililoenea kuliko yote. Mpelekee neno hilo mchumaji wa majani ya chai wa Shagasha, au kibarua wa mashamba ya mpunga ya Bugarama, umwulize msimamizi ni nani. Atakujibu kwamba ni yule anayehesabu watu asubuhi, anayepima kazi na kuwaandika waliochelewa. Basi akiambiwa kwamba Mtakatifu Yosefu ni msimamizi wa wafanyakazi, anamwona Yosefu akiwa upande gani wa daftari? Mtu ambaye Injili inamweka miongoni mwa wanaotoka jasho amehamishwa, kwa neno moja, akawa miongoni mwa wanaowahesabu wenye kutoka jasho. Haki inanidai niseme kwamba neno hili lina sura nyingine pia. Msimamizi wa arusi hamwamuru bwana arusi; husimama kando yake na kumshuhudia, na vivyo hivyo msimamizi wa ubatizo. Pengine sura hiyo ndiyo iliyokuwa moyoni mwa wafasiri wa kwanza. Lakini msomaji hasomi moyo wa mfasiri, naye kibarua humsikia msimamizi wa shamba siku sita kwa juma.

Hapa Kinyarwanda kinatupa funzo. Parokia ikiwekwa chini ya mtakatifu, husemwa kwamba *yaragijwe* mtakatifu fulani. Mzizi wake ni *kuragira*, yaani kuchunga ng'ombe, na *kuragiza* ni kumkabidhi mtu mwingine mifugo yako akuchungie. Neno la malisho ndilo lililobeba teolojia yote: mali ni yako, malisho ni ya Mungu, na mtakatifu ni jirani anayekaa macho. Sidai kwamba Kiswahili kiige. Nadai tu kwamba aliyelichagua neno hilo alitafuta ndani ya maisha ya watu wake, wala hakutafuta katika daftari la mshahara.

Kwa maoni yangu neno zuri kuliko yote katika Kiswahili ni somo, nalo ndilo linalofifia. Pwani, somo ni mtu mwenye jina moja nawe. Pia ni mwanamke anayemfunda msichana mambo ya utu uzima. Wakatoliki wa Tanzania wamelitumia kwa mtakatifu ambaye mtu amebatizwa kwa jina lake. Wanafunzi wangu hucheka wakilikuta, kwa sababu wanalijua somo la hesabu tu. Hapo ndipo mwalimu hupata nafasi ya kuwaeleza kwa nini husemwa "somo yangu" anapokusudiwa mtu, na "somo langu" linapokusudiwa funzo. Kasoro yake ni kwamba somo humfaa mtu mmoja mmoja. Wavuvi wa Nkombo hawawezi kuwa na somo mmoja, maana si wote wanaoitwa Petro au Andrea.

Nije kwenye ufundi. Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi, siku ambayo vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimekwisha kuiadhimisha kwa miaka mingi, na hapa Rwanda pia ni siku ya mapumziko. Jina "Mfanyakazi" ni pana na linafaa. Tatizo liko katika kazi aliyopewa. Biblia za Kiswahili zimemwita seremala, na Kinyarwanda humwita *umubaji*. Neno la Kigiriki, *tekton*, lilikuwa na upana zaidi, likimchukua mtu wa ujenzi kwa jumla. Kiswahili kilikuwa na neno lenye upana huohuo: fundi. Fundi ni mwashi, ni mshonaji, ni mtengenezaji wa baiskeli. Kinyarwanda chenyewe kiliazima neno hilo, na *umufundi* anayejenga nyumba za Kamembe kwa saruji inayotoka Bugarama angejisikia nyumbani kama angeambiwa kwamba Yosefu alikuwa fundi.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, limo katika kiungo kidogo kabisa cha sarufi yetu, yaani kihusishi cha *-a*. Tazama tofauti iliyopo kati ya "mtakatifu wa wavuvi" na "mtakatifu wa samaki". Wa kwanza ni wa watu. Wa pili ni mwenye ghala. Sasa nenda kwenye karatasi za sala ukahesabu mara ngapi utakuta "mtakatifu wa pesa" au "mtakatifu wa madeni". Kanisa halikupata kuwa na mtakatifu wa pesa. Lina Mateo, mlinzi wa wahasibu na wenye mabenki, ambaye sifa yake yote ni kwamba aliinuka akakiacha kibanda cha ushuru. Lina Homobonus, mfanyabiashara wa Cremona aliyefariki mwaka 1197 na kutangazwa mtakatifu chini ya miaka miwili baadaye, ambaye anakumbukwa kwa jinsi alivyowagawia maskini faida yake. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Miongoni mwa mashahidi 22 wa Uganda waliotangazwa watakatifu mwaka 1964 yumo Nuhu Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu wa Mityana, na yumo Athanasi Bazzekuketta, kijana aliyetumika katika hazina ya Kabaka. Huyo wa pili Waganda wamemfanya mlinzi wa mabenki na hazina. Alikuwa mtunzaji wa mali isiyokuwa yake, akauawa mwaka 1886 bila chochote mkononi. Ajabu ni kwamba sikumkuta hata katika karatasi moja niliyoisoma.

Nafika sasa kwenye sala za madeni, ambamo jambo hili linaacha kuwa la sarufi peke yake. Nyingi ya sala hizo zimejaa vitenzi vya amri: nipe, nipatie, nifungulie. Nyingine hutangaza kwamba hazijapata kushindwa, na humtaka msomaji aahidi kuzieneza akishapata. Huo ni mkataba, wenye malipo na muda wa siku tisa. Jambo hili si letu peke yetu: Marekani wako watu wanaoifukia sanamu ya Yosefu kichwa chini ili nyumba yao ipate mnunuzi. Linganisha na Buenos Aires, mtaa wa Liniers, ambako kila tarehe 7 Agosti umati mkubwa humwendea Mtakatifu Kajetani kuomba mkate na kazi. Wale huomba kwa pamoja na hadharani, na wanachokiomba ni kazi.

Kiswahili kina dawa yake katika kauli ya kutendea. "Nipe" ina watu wawili, anayetoa na anayepokea. "Niombee" ina watatu: mimi, wewe unayeomba, na Yule anayeombwa. Irabu moja imelinda fundisho zima la Kanisa kuhusu watakatifu, na mfasiri anayeiacha amempoteza Mungu katikati ya sentensi. Kwa hiyo mwombezi, ingawa ni neno lisilo na utamu wa somo, ndilo neno sahihi la sala.

Madhara ya lugha ya mkataba nimeyaona. Mwanamke mwenye deni katika kikundi cha akiba, kile tunachokiita *ikimina*, akishika sala yenye watu wawili tu, huingoja siku ya tisa. Wenzake wanamngoja yeye. Deni halina watu wawili. Lina mkopaji, mkopeshaji na majirani waliochanga. Sala nzuri niliyoikuta, moja tu, ilimwombea mkopeshaji pia, tena ikamwombea anayesali apate ulimi wa kwenda kusema ukweli kabla ya siku ya malipo. Kiswahili chake kilikuwa kimechakaa na herufi zilikuwa zimefutika, lakini ningeipa alama za juu.

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini mwaka 2017, tunatafuta matini za kufundishia zinazomhusu mwanafunzi wa Rusizi. Napendekeza kwa wenzangu wa vidato vya juu zoezi moja: wape wanafunzi "msimamizi wa wafanyakazi", "mwombezi wa wafanyakazi" na "somo yangu", waandike ni nani anasimama wapi katika kila kifungu. Kisha waigeuze sala yoyote ya amri iwe katika kauli ya kutendea, bila kuongeza sentensi hata moja.